Kadi ya Kijani na Mtoto Asiyegeuka Akiitwa: Dhana Zinazochelewesha Uchunguzi wa Makuzi

Katika kliniki ya mama na mtoto, iwe zahanati ya kijijini Bahi au kituo cha afya cha mjini Dodoma, mtoto huwekwa kwenye mizani, uzito wake ukaandikwa kwenye kadi, na mama akaangalia kama alama imeangukia kwenye rangi ya kijani. Ikiwa imeangukia hapo, hushusha pumzi na kurudi nyumbani. Dhana inayowapotosha wazazi wengi kuliko zote huzaliwa katika dakika hiyo: kwamba mtoto mwenye uzito mzuri hana tatizo la makuzi.

Mizani hupima mwili. Makuzi ni namna mtoto anavyojifunza kukaa, kutembea, kusikia, kuelewa, kuongea na kushirikiana na watu, na hayo yote yanaweza kuchelewa kwa mtoto mnene, mchangamfu na asiyeugua malaria mwaka mzima. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, watoto wenye afya hukaa bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na 9, na hutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18. Upana huo ni mkubwa, lakini una mwisho wake. Maneno ya kwanza huja karibu na mwaka mmoja, na mtoto wa miaka 2 huunganisha mawili, kama “mama njoo” au “nataka maji”. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, wa miezi 18 asiyenyoosha kidole kumwonyesha mwenzake kitu, na wa umri wowote aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, hao hawapaswi kusubiri. Mama ndiye anayewaona kila siku, kwa hiyo ayaseme haya mbele ya muuguzi hata kama hakuulizwa.

“Wavulana huchelewa kuongea. Hata baba yake aliongea akiwa na miaka minne.”

Sijui kauli inayotolewa kwa upendo zaidi ya hii, wala inayogharimu watoto zaidi. Ni kweli kwamba kwa wastani wavulana huchelewa kidogo kuongea, lakini tofauti hiyo ni ya muda mfupi, haifiki miaka. Kwa upande mwingine, usonji, yaani hali ya makuzi inayoathiri mawasiliano na kushirikiana na watu, hutambuliwa kwa wavulana mara tatu hadi nne zaidi ya wasichana, maana yake ni kwamba kauli hii humtuliza mzazi wa mtoto yule yule ambaye angestahili kuangaliwa mapema. Na kama kweli baba alichelewa, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari, kwa sababu mambo mengi ya makuzi hurithiwa. Ubongo wa mtoto hujifunza kwa kasi kubwa katika miaka ya mwanzo. Miaka 2 ya kungoja kabla ya kuanza shule hairudishwi na miaka 2 ya baadaye.

Kuhusu udata, yaani ulimi ulioshikwa na utando wa chini, ambao wengine husema ndio unaomzuia mtoto kuongea, inatosha kusema kwamba unaweza kumsumbua mtoto katika kunyonya au katika kutamka baadhi ya sauti, lakini haumzuii kuelewa maneno wala kunyoosha kidole. Mtoto asiyeelewa anachoambiwa hatapata lugha kwa kukatwa utando huo, na kukatwa kwa wembe nyumbani humwongezea hatari ya kutoka damu na kuambukizwa.

“Anasikia, mbona mlango ukigongwa anashtuka.”

Hapa naomba msomaji akae nami kidogo, kwa sababu usikivu ndicho kitu cha kwanza kuchunguzwa na ndicho kinachorukwa mara nyingi. Kusikia hakuko kwa aina mbili tu, ya kusikia na ya uziwi. Mtoto anaweza kusikia ngoma, pikipiki na mlango, kisha asizipate sauti nyembamba na dhaifu za s na f, ambazo bila hizo maneno humfikia yamekatikakatika. Usaha wa masikio unaojirudia, homa ya uti wa mgongo, na manjano makali ya siku za mwanzo baada ya kuzaliwa vyote vinaweza kudhoofisha usikivu. Kupiga makofi nyuma ya mtoto si kipimo, kwani anaweza kugeuka kwa kuona kivuli au kuhisi upepo wa mikono. Wengine hudhani kwamba mtoto hapimwi masikio mpaka aweze kujibu. Ukweli ni kwamba vipo vipimo vinavyofanyika hata kwa mtoto mchanga aliyelala. Anayeambiwa mwanawe ana usonji kabla ya masikio kupimwa ana haki ya kuomba yapimwe kwanza.

“Apigwe picha ya kichwa, tutajua kila kitu.”

Nimekaa kwenye foleni na wazazi waliouza magunia ya alizeti ili wapate fedha ya kipimo cha CT, na wakarudi na jibu kwamba picha ni ya kawaida, wakaamini mtoto ni mzima. Inaniuma. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Picha ina kazi yake pale panapokuwa na kifafa, kichwa kinachokua kupita kiasi, au upande mmoja wa mwili kuwa dhaifu, na daktari ndiye huamua. Usonji wenyewe hutambuliwa kwa historia ya mtoto tangu mimba, kwa kumwangalia akicheza, na kwa maswali yenye mpangilio. Orodha mojawapo inayotumika katika nchi nyingi ina maswali 20 kwa ajili ya watoto wa miezi 16 hadi 30. Hata hivyo orodha hiyo huonyesha tu nani achunguzwe zaidi. Huenda mtoto akahitaji kuonwa zaidi ya mara moja, na hilo lisichukuliwe kuwa daktari hajui kazi.

Lipo pia la lawama: mama alirogwa, alivunja mwiko, hakumpenda mtoto. Tusidhani ni la vijijini peke yake. Baada ya Leo Kanner kueleza watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, madaktari wengi wa Marekani na Ulaya nao waliwalaumu mama kwa kukosa upendo, mpaka tafiti zikiwemo ile ya mapacha ya Susan Folstein na Michael Rutter ya mwaka 1977 zilipoonyesha nguvu ya kurithi. Mama hakusababisha. Na degedege si pepo. Imani kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa imewanyima watoto matibabu waliyoyahitaji saa ile ile.

Chanjo nayo hutajwa kuwa ndiyo inayosababisha usonji. Madai hayo yalienezwa na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Tanzania hutoa chanjo ya surua na rubela katika miezi 9 na 18, na miezi 18 ndio umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana wazi, kwa hiyo mambo mawili hukutana bila moja kulizaa jingine. Rubela yenyewe, ikimpata mama mjamzito, ndiyo inayoweza kusababisha azaliwe mtoto kiziwi au mwenye mtoto wa jicho.

Kuzungumza Kigogo nyumbani na Kiswahili kwa majirani hakusababishi kuchelewa. Hesabuni maneno ya lugha zote mbili.

“Akiandikiwa jina la ugonjwa, amekwisha.”

Hofu hii naiheshimu, hasa katika mji wa Dodoma, ambako jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili, hutumiwa kumtania mtu. Lakini kuonwa na daktari wa afya ya akili si kutangazwa kichaa, na mtoto anabaki yule yule aliyeamka asubuhi. Uchunguzi unaweza kugundua upungufu wa homoni za tezi ya shingo, kifafa au usikivu hafifu, ambavyo vina matibabu au visaidizi. Ukigundua usonji au mtindio wa ubongo, unafungua njia ya huduma za utengamao, yaani za kumsaidia mtoto ajimudu, na shule hupata maelezo ya namna ya kumpokea. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yake ya kusoma. Tena mazoezi ya kucheza, kumsemesha uso kwa uso na kumngoja ajibu yanaweza kuanza leo, kabla jina halijapatikana.

Anayeanza safari hii aanzie zahanati, aombe rufaa kwa maandishi, kisha afike hospitali ya rufaa ya mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma akiwa na kadi ya kliniki, orodha ya maneno ambayo mtoto anayasema, na video fupi za simu zinazomwonyesha akicheza na akiitwa jina nyumbani, kwa sababu mbele ya daktari anaweza kulia muda wote. Kabla hajaondoka aulize: masikio yamepimwa, na tarehe ya kurudi ni ipi?