Sakafu Ikipasuka, Mkandarasi Mdogo Anadaiwa na Nani?

Mwenye jengo akigundua kazi mbovu, humfuata aliyeifanya. Kwenye miradi mikubwa, aliyeweka sakafu au kufunga vioo mara nyingi ni mkandarasi mdogo, aliyepewa kazi na mkandarasi mkuu, na hana mkataba wowote na mwenye jengo. Njia inayobaki ni kumshtaki kwa uzembe, na hapo ndipo wengi hukwama.

Nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza hutenganisha hasara za aina mbili. Vigae vya ukutani vikianguka vikamjeruhi mpita njia au kuponda gari, aliyevibandika ovyo anaweza kudaiwa hata na mtu asiyemjua. Vigae hivyo hivyo vikibanduka bila kumdhuru mtu wala kitu, gharama ya kuweka vingine huitwa hasara ya fedha tupu. Mwenye jengo hajaharibiwa mali. Amepewa kitu kisicholingana na alicholipia. Biashara iliyosimama wakati wa matengenezo huhesabiwa humo humo. Kwa kawaida, hasara ya namna hiyo hailipwi kwa dai la uzembe.

Wadai hukimbilia kesi ya Junior Books dhidi ya Veitchi, iliyoamuliwa mwaka 1982 na House of Lords, iliyokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Veitchi walikuwa mabingwa wa sakafu, wakateuliwa na upande wa mwenye kiwanda kilichojengwa Grangemouth, Scotland, ingawa mkataba wao ulikuwa na mkandarasi mkuu. Miaka miwili hivi baadaye sakafu ikapasuka. Haikuhatarisha mtu, lakini kuibadilisha kulihitaji kuhamisha mitambo na kusimamisha uzalishaji. Majaji wanne kati ya watano walikubali kwamba dai dhidi ya Veitchi lina msingi kisheria.

Kesi hiyo haijawahi kutenguliwa rasmi, ila ni kama imefungiwa kabatini. Mwaka 1988 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza mgogoro wa vioo vya jengo la Abu Dhabi. Vilitakiwa viwe vya kijani cha aina moja, vikaja na rangi zinazotofautiana, na mwenye jengo akazuia malipo. Mkandarasi mkuu, Simaan, akamruka mkandarasi mdogo wake na kumshtaki mtengenezaji, Pilkington. Akashindwa: vioo vilikuwa vizima, tatizo lilikuwa rangi tu, na mikataba ilikuwepo ya kudaiana hatua kwa hatua.

Kwa maoni yangu mahakama ilikuwa sahihi. Mkandarasi mdogo hupanga bei yake kwa kuangalia ukomo wa dhima, yaani kiwango cha juu anachoweza kudaiwa, ulioandikwa kwenye mkataba. Tukimruhusu mtu wa tatu amfikie kwa mlango wa nyuma, ukomo huo haumlindi tena, na bei aliyotoa inakuwa ya kubahatisha.

Msimamo si mmoja kila mahali. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la jengo la Winnipeg lililodondosha kipande kikubwa cha mawe ya ukutani, ilikubali kwamba gharama ya kuondoa kasoro ya hatari inaweza kudaiwa hata na mnunuzi wa baadaye. Neno zito hapo ni hatari. Sakafu yenye nyufa za kuudhi macho haiingii.

Mnyororo wa mikataba hukatika mkandarasi mkuu anapofilisika, na mwenye jengo hubaki bila wa kumdai. Ndiyo maana tunashauri hati ya dhamana ya moja kwa moja: makubaliano mafupi ambayo mkandarasi mdogo anamwahidi mwenye jengo kwamba atafanya kazi kwa ustadi unaotakiwa. Itaje bima yake, ukomo wa dhima, na kama haki hiyo inaweza kuhamishiwa mnunuzi. Isainiwe kabla hajaingia saiti, na malipo yake ya kwanza yafungwe na hati hiyo. Akishalipwa na kuondoa vifaa, ni nadra sana kumpata asaini.