Choo cha chini ya ngazi Uingereza: tunayoambiana na sheria inavyosema

Mama mkwe alipokuja kukaa na sisi hapa Leicester magoti yalikuwa yameshakataa ngazi, na nyumba yetu ni zile za zamani za kuungana, ukiingia sebule, nyuma jiko, choo kimoja tu na kiko juu. Tukamtandikia sebuleni. Saa nane za usiku namsikia anapanda, anapumzika pale katikati, anavuta pumzi, anamalizia. Nikasema basi, makoti na mafagio yatoke chini ya ngazi, hapo panakaa choo.

Sasa kila niliyemuuliza, msikitini, kazini, kwenye harusi, ana sheria yake ya vyoo. Nusu yake si kweli. Naandika ya England tu, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao.

"Nyumba ni yako, kazi ni ya ndani, kibali cha nini?"

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kuna kibali cha planingi, hicho kinahusu nyumba inavyoonekana na matumizi yake, na ni kweli kwa choo cha ndani kwa kawaida hukihitaji, ila jengo likiwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria linataka ruhusa yake ya pekee. Halafu kuna kanuni za ujenzi, hizo haziangalii uzuri, zinauliza maji machafu yanakwenda wapi, hewa inatokaje, na ulichokata kilikuwa kimebeba nini. Hizi zinakuhusu hata kama hakuna jirani atakayeona kitu. Unaweka choo mahali ambapo hapakuwa na choo, unaunga bomba jipya, basi unatoa taarifa kaunsili (halmashauri ya mji) kabla ya kuanza, au kwa mkaguzi binafsi aliyesajiliwa. Kuna mafundi bomba waliojisajili kwenye skimu wanaoruhusiwa kujithibitishia kazi wenyewe, lakini ukishachimba kuweka bomba chini ya ardhi hiyo skimu haikufuniki, ndiyo ilivyokuwa kwangu. Na kama upo kwenye fleti ya lisi, yaani mkataba wa kupangisha wa miaka mingi, soma lisi yako, mwenye jengo naye huwa ana lake la kusema.

"Ukikaa kimya mwaka mmoja wamekusahau"

Hii ilikuwa na ukweli zamani. Kaunsili ilikuwa na miezi 12 ya kukuandikia notisi ya kubomoa au kurekebisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 ni miaka 10. Lakini hata kabla ya kaunsili, atakayekusumbua ni wakili wa mtu anayetaka kununua nyumba yako, anauliza cheti cha kumalizika kazi cha choo cha chini kiko wapi, na wewe huna. Watu wanakimbilia bima ya kufidia hasara kaunsili ikija juu, ambayo ukishawapigia kaunsili kuulizia kampuni nyingi hazikubali tena kukuuzia. Njia ya halali ipo, unaomba kaunsili ikaguzie kazi ya nyuma, inakubaliwa kwa kazi iliyofanyika tangu tarehe 11 Novemba 1985, ila wanaweza kukwambia fungua ukuta au vunja sakafu waone.

"Bomba ni bomba, unga popote linapopita"

Hapa ndipo nilipolia mimi. Fundi wetu, mtu wa kwetu, hodari wa maneno, alichimba kutoka chini ya ngazi mpaka kwenye chemba ya nyuma, mita 4 hivi, akalaza bomba la milimita 100, akamwaga zege siku hiyo hiyo eti asipoteze muda. Mkaguzi akaja kesho yake. Akasimama mlangoni, akaangalia zege mbichi, akauliza bomba liko wapi. Nikamwonyesha sakafu. Hakugomba hata kidogo, akaandika kwenye kidaftari chake, akasema atarudi tukishafungua, maana bomba linaonwa na kupimwa kabla halijafukiwa, na sisi tulitakiwa tumwite.

Tukavunja. Fundi akaweka pima maji, na ile tone ya hewa ikakaa katikati kabisa kama imegandishwa, yaani kipande kizima karibu na jiko bomba lilikuwa limelala tambarare. Kipimo kinachofuatwa sana ni 1 kwa 40, kwa hiyo mita 4 zinataka bomba lishuke sentimita 10. Letu lilishuka 4. Maji yangepita, uchafu ungebaki njiani ukisubiri wenzake, na baada ya miezi michache tungekuwa tunazibua kwa mti huku mgeni kakaa sebuleni. (Bomba linalopita juu ya sakafu, tawi la milimita 100 kwenda kwenye bomba kuu la wima, mwongozo unasema angalau milimita 18 kila mita.)

La pili kwenye mabomba: nyumba nyingi huku zina njia mbili, ya maji machafu na ya mvua. Ya mvua mara nyingi inakwenda moja kwa moja mtoni. Ukiunga choo kwenye bomba la gata kwa sababu lilikuwa karibu, umekwenda haja kwenye mto wa watu. Mitaa mingine ya zamani njia ni moja, huwezi kujua kwa kuangalia tu, fungua chemba, mtu aflashi juu, uone maji yanatokea wapi.

Na la tatu, bomba la nyuma unaloshea na jirani, tangu tarehe 1 Oktoba 2011 mengi ya hayo ni mali ya kampuni ya maji. Ukitaka kujenga kichumba cha choo cha kuongeza nje na kiko ndani ya mita 3 kutoka bomba hilo, unahitaji ruhusa yao pia.

"Weka pampu ya kusaga, humhitaji mtu"

Ile mashine inayokaa nyuma ya choo, inasaga halafu inasukuma kwa kibomba chembamba, inaruhusiwa. Masharti ni kwamba nyumba iwe na choo kingine kinachotoa uchafu kwa mteremko wa kawaida bila pampu. Sababu utaijua umeme ukikatika. Taarifa kaunsili unatoa vilevile. Mimi niliikataa kwa sababu nyingine, ile mashine inanguruma, na kitanda cha mama kiko ukuta wa pili.

"Choo hakiruhusiwi kufunguka jikoni, lazima milango miwili"

Hii wanaisema wazee waliojenga zamani na wanaisema kwa uhakika kweli. Siku hizi mlango mmoja unatosha kutenganisha choo na sehemu ya kupikia, kwa sharti sinki la kunawia liwe ndani ya chumba hicho cha choo. Sinki la jikoni halihesabiki. Kama hutaki sinki ndani, unanawia chumba kinachofuata, na hicho kisiwe cha kuandalia chakula. Kuna masinki madogo ya kona, upana wa sahani ya pilau, yanatosha.

"Bila dirisha haiwezekani"

Inawezekana, ila unaweka feni ya kutolea hewa, angalau lita 6 kwa sekunde, na kama hamna dirisha la kufungua iendelee kuzunguka dakika 15 baada ya kuzima taa. Chini ya mlango acha uwazi wa milimita 10 juu ya sakafu iliyokamilika, hewa iingilie hapo, la sivyo feni inavuta hewa isiyokuwepo. Na itoe nje. Nje kabisa, ukutani au kwenye paa, isiishie chini ya mbao za sakafu kama nilivyoona kwa rafiki yangu, harufu ikawa inamfuata mpaka mezani.

Mengine ya harakaharaka. Vipimo vya chumba, hakuna udogo uliokatazwa kwa choo unachoongeza kwenye nyumba ya zamani, kaa tu kwenye kiti kabla hujajenga ukuta uone magoti yanaishia wapi na kichwa kinagonga ngazi au hakigongi. Kiti cha magurudumu, yale masharti ya choo cha chini kinachofikika ni ya nyumba mpya, yalianza 1999, zako za zamani hazilazimishwi. Umeme, kuongeza taa na feni kwenye saketi iliyopo hakuhitaji taarifa kama hamna bafu wala shawa humo ndani, ukivuta saketi mpya kutoka kwenye fyuzi boksi hapo unahitaji, na kazi yenyewe iwe salama kwa vyovyote. Zile mbao za chini ya ngazi usizikate kabla mtu anayejua hajakwambia hazijabeba ngazi.

"Mpira wa kuchambia unaunga tu kwenye bomba la choo"

Hili linatuhusu sisi hasa na sijawahi kuona mtu analizungumza. Mpira wa kushika mkononi unaoweza kuingia ndani ya bakuli la choo unahesabiwa hatari ya daraja la 5, la juu kabisa, kwenye kanuni za maji za 1999, maana presha ikishuka mtaani unaweza kunyonya maji ya choo yakarudi kwenye maji ya kunywa. Ile valvu ya kuzuia maji yasirudi wanayokuuzia nayo, hata ikiwa ya kuzuia mara mbili, inakinga daraja la 3 tu. Inatakiwa maji ya mpira yatoke kwenye tangi lake pekee lenye nafasi ya hewa, lisilounganishwa moja kwa moja na bomba kuu la maji ya kunywa. Nikamwambia mama, mpira utachelewa, tunatafuta pa kuweka tangi.

Akacheka. "Baba Salma, tangi la nini?" Akafungua begi lake, akatoa kopo la plastiki la kijani alilokuja nalo toka Tanga, akaliweka pembeni ya choo. Mkaguzi alipokuja mara ya mwisho aliliangalia, akapima feni, akasaini.