Chaja zikikaa ukutani, nani anakula LUKU?

Juzi niliitwa Tabata kwenye nyumba ya kupanga: vyumba sita, LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla). Mama mwenye nyumba alinipokea barazani, daftari la michango mkononi. "Fundi, uniti zinakwisha kama zinamwagwa. Ni huyu kijana wa chumba cha uani. Chaja zake hazitoki ukutani, usiku na mchana." Kijana alitoka, akaniamkia, akanipeleka chumbani kwake bila kubishana.

Ekstensheni ya matundu matano ilikuwa imejaa: chaja ya simu isiyo na simu, mashine ya kunyolea, feni ndogo ya kuchaji, taa ya dharura, na drili ya betri ya miaka mingi aliyoachiwa na mjomba wake. Vyote vilikuwa vimeshajaa chaji.

Kabla ya kutoa mita kwenye begi huwa nazishika chaja kwa mkono. Joto la chaja ni umeme uliolipiwa ambao haukwenda popote. Ya simu ilikuwa baridi. Ya drili ilikuwa nzito kama jiwe, yenye transfoma ya nyaya ndani, na vuguvugu lake lilitosha kumlaza paka.

Kisha nikapima moja moja. Chaja tupu ya simu: mita yangu ilisoma sifuri. Chaja za kisasa zilizotengenezwa vizuri hula sehemu ya kumi ya wati zikikaa bila kazi. Ndicho kikomo ambacho Umoja wa Ulaya umewawekea watengenezaji kwa chaja ndogo. Mashine ya kunyolea ilisoma wati 0.4, feni 1.2, taa ya dharura 2.0, drili 3.8. Jumla wati 7.4.

Sasa hesabu. Wati 7.4 kwa saa 24, kwa siku 30, ni uniti 5.3 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Kwa mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, uniti moja ni shilingi 292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (msimamizi wa nishati na maji) asilimia 1, inafika kama 356. Kwa hiyo ekstensheni ile ilikuwa inakula karibu shilingi 1,900 kwa mwezi bila kuchaji chochote. Wale mafundi wenzangu wanaosema chaja haili kitu wasome hapo mara mbili. Lakini angalia mgawanyo wake: drili peke yake shilingi 970 na ushee, taa 500 na kidogo. Ukizichomoa hizo mbili, vilivyobaki vinakula kama shilingi 410 kwa mwezi mzima.

Kwa nini drili ile inakula kuliko vingine? Betri yake ni ya nikeli na kadimi, na chaja za zamani za betri hizo hazina akili ya kujua imejaa. Zinaendelea kusukuma, betri inaugeuza ule umeme kuwa joto, na siku zinakwenda. Betri ya lithiamu haiwezi kuvumilia hivyo, ndiyo maana vifaa vyake huja na saketi inayokata chaji seli ikifika volti 4.2. Feni ya kijana ni ya lithiamu. Ile wati moja na kitu ni saketi na kitaa chake cha kijani.

Taa ya dharura ni habari nyingine, na hapa mafundi wengi tunajikwaa. Ukiifungua (ukishaichomoa, tafadhali, maana ndani waya za betri zinaweza kuwa zimeshikana moja kwa moja na umeme wa ukutani) hukuti transfoma. Unakuta kapasita, kifaa kidogo kinachopunguza mkondo, mara nyingi ya mikrofaradi moja hivi. Kwa volti 230 kapasita hiyo inapitisha kama milliampea 72. Fundi mwenye mita ya kubana waya, inayosoma mkondo tu, anazidisha 72 kwa 230, anapata zaidi ya 16, anatangaza taa inakula wati 16. Si kweli. Sehemu kubwa ya mkondo huo unakwenda na kurudi bila kufanya kazi, na mita ya nyumbani inatoza wati halisi, zile mbili. Na hizo mbili pia zilikuwa zinasema jambo: betri ya risasi ndani ilikuwa imevimba ubavuni. Miezi ya kupikwa kwenye chaji imeikausha.

Usinielewe vibaya ukaiacha taa yako kabatini miezi mitatu ikiwa tupu. Betri ya risasi ikikaa bila chaji inakufa haraka kuliko ikipikwa. Ichaji, ichomoe, ichaji tena baada ya wiki kadhaa. Drili ya nikeli ichaji usiku wa kuamkia kazi. Za lithiamu zikibaki ukutani hasara yake kwenye LUKU ni ndogo; ninachohofia zaidi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Chaja nyingi ninazoletewa zimeungua dakika hiyo.

Ukitaka kupima mwenyewe bila mita yangu, tazama kitaa kinachomweka kwenye mita ya LUKU. Ikiandikwa 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1,000 kwa uniti, kila mmweko ni wati-saa moja. Zima vyote, acha unachokishuku, hesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko, kisha gawa 3,600 kwa hizo sekunde. Jibu ni wati. Ila kwa chaja moja ndogo utasubiri bure, kwa sababu mita haianzi kuhesabu mpaka mkondo ufike kiasi fulani. Iwashe pamoja na balbu unayoijua wati zake, kisha toa wati za balbu kwenye jibu.

Na kabla ya kugombana tarehe za mwanzo wa mwezi, kumbuka kodi ya jengo, shilingi 1,500, inakatwa humo humo kwenye LUKU. Nimeshakuta watu wamenuniana wiki nzima kwa sababu hiyo tu.

Nilirudi barazani. Mama akauliza, "Haya, ni yeye?" Nikamwomba ruhusa nipime na friji lake, lile la korido, ambalo mpira wa mlango umefungwa kwa selotepu. Niliacha mita hapo hadi kesho yake. Uniti 2.6 kwa siku moja. Kwa mwezi 78, zaidi ya shilingi 27,000. Nikamwandikia namba zote mbili kwenye daftari, ya ekstensheni juu, ya friji chini.

Alizitazama muda. "Mpira mpya ni shilingi ngapi, mwanangu?"