Ukikuta Jina la Ajabu Katika Ukoo Wako, Usikimbilie Kulisahihisha

Anayetafuta habari za ukoo wake hufika mahali akakutana na jina asilolitarajia kabisa: jina la mnyama, la kiungo cha mwili, au neno ambalo hawezi kuamini kwamba binadamu aliwahi kuitwa hivyo. Sisi tunaotunza nyaraka tunaona yanayofuata. Wengine hulirekebisha palepale katika nakala zao, kwa imani kwamba karani alikosea. Wengine hulipenda mno, wakaanza kulitungia kisa. Kwa njia zote mbili ushahidi unapotea, na kuurudisha baadaye ni kazi kubwa.

Tuanze na mwandiko, kwa sababu sehemu ya majina haya haikuwahi kuwepo. Katika maandishi mengi ya Ulaya hadi mwishoni mwa karne ya 18, herufi s ilipokuwa katikati ya neno iliandikwa ndefu, karibu sawa na f. Mtu aliyeitwa Moss anaweza kusomeka Mofs, na aliyenakili daftari bila kuizoea herufi hiyo akaacha “ukoo” mpya kabisa katika orodha. Herufi u na n nazo katika mwandiko wa haraka hazitofautiani. Dawa yake imo katika ukurasa huohuo: tafuta neno ambalo una hakika nalo, labda jina la mwezi au la kijiji, uone mkono huohuo uliunda vipi herufi inayokutatiza. Fanya hivyo kabla ya kuamua lolote.

Tahajia nayo isikutishe. Zimebaki sahihi sita za William Shakespeare, na hakuna hata moja iliyoandikwa kama tunavyoliandika jina lake leo. Ikiwa mwenye jina hakuwa na namna moja ya kuliandika, karani aliyelisikia kwa mkulima asiyejua kusoma angeipata wapi? Kwa hiyo liandike jina kama lilivyo katika waraka, herufi kwa herufi, pamoja na ukurasa na tarehe. Maoni yako yaandike pembeni.

Ukishahakikisha kwamba jina umelisoma sawasawa na bado ni la ajabu, uliza lilianza lini. Majina ya ukoo ya kurithi si ya kale kama watu wengi wanavyodhani, na mara nyingi yaliletwa kwa amri ya serikali. Japani iliwalazimisha raia wote kuwa nayo mwaka 1875. Uturuki ilipitisha sheria yake mwaka 1934. Iceland watu wengi hadi leo hutambulishwa kwa jina la baba au mama, si la ukoo.

Ufilipino ndiyo mfano ninaoutaja mara kwa mara. Mwaka 1849 Gavana Narciso Clavería aliamuru familia zipewe majina kutoka katika orodha kubwa iliyopangwa kwa alfabeti. Ndani yake mlikuwa na majina ya Kihispania, na pia maneno ya kienyeji, mimea, wanyama na madini. Kurasa za orodha ziligawanywa kwa mikoa na miji, na ndiyo sababu katika mji wa Oas, mkoani Albay, majina mengi ya zamani huanza na R. Kwa mtafiti, athari yake ni nzito. Familia mbili zenye jina moja la nadra huenda hazina damu moja hata kidogo. Huenda zilichaguliwa tu jina hilo kutoka orodha ileile. Na kabla ya mwaka huo hakuna faida kulifukuzia jina. Fuata majina ya ubatizo, ya wazazi na ya wasimamizi wa ubatizo.

Hapo ndipo visa vya kupendeza vinapofaa kuangaliwa kwa jicho kali. Uholanzi ilipokuwa chini ya Napoleon, amri ya mwaka 1811 iliwataka wote waandikishe jina la ukoo, na husimuliwa kwamba Waholanzi waliwakejeli maofisa kwa kujiandikisha majina ya mzaha. Mfano unaotajwa kila mara ni Naaktgeboren, yaani aliyezaliwa uchi. Lakini jina hilo limo katika maandishi ya kabla ya 1811, na wataalamu wa majina hulihusisha na neno la Kijerumani la mtoto aliyezaliwa baada ya baba yake kufariki. Anayeridhika na kisa cha mzaha hukomea 1811, na huenda asijue kamwe kwamba nyuma ya jina lake kuna mjane.

Marekani kuna kisa kingine, kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo kilichopokea wahamiaji kuanzia 1892 hadi 1954, waliwabadilishia watu majina. Maofisa wale walifanya kazi kwa orodha za abiria zilizoandaliwa na kampuni za meli kabla ya safari. Jina likibadilika, mara nyingi mwenyewe alilibadilisha baadaye, kwa hiyo litafute katika karatasi za uraia, za mahakama na za ajira.

Kuna majina yanayohitaji upole zaidi. Nchini Italia, Esposito walipewa watoto walioachwa, hasa Napoli, na Innocenti lilitoka katika hospitali ya Florence iliyoanza kupokea watoto hao mwaka 1445. Wapo wanaofika hapo wakavunjika moyo, wakaona ukoo umekatika. Mimi nawasihi wasifunge daftari. Rejesta za hospitali ile zilieleza mtoto alivyofika, na wazazi wengine walimwachia alama kama nusu ya medali iliyovunjwa, wakibaki na nusu ya pili ili siku moja waweze kumtambua. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa na nia ya kurudi, na nia hiyo imeandikwa. Ukikutana na jina la aina hii, omba rejesta ya mapokezi ya watoto; usiishie kwenye cheti cha ubatizo. Kisha tazama kama kuna daftari la malipo ya wanyonyeshaji, maana humo unaweza kuona mtoto alipelekwa kijiji gani na kwa nani, na huko ndiko pengine utakapoikuta familia iliyomlea.