Mtoto wa mbwa na chakula chake: tunayoyaamini na yaliyo kweli

"Mbwa hachagui, mpe ugali atakua." Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayowaumiza watoto wengi wa mbwa bila mtu kukusudia. Ugali unashibisha, hilo halina ubishi. Lakini mtoto wa mbwa wa miezi miwili anajenga mifupa, misuli na damu kwa kasi ambayo hataipata tena maishani. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, vinataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5 ya uzito wake mkavu, yaani bila maji. Mbwa mzima inamtosha 18. Unga wa mahindi unafika kama 8 au 9 hivi. Kwa hiyo anakula, anashiba, na bado manyoya yanafifia na mgongo unabaki kama wembe. Ukiwa huna cha kumpa ila ugali, tia dagaa wasio na chumvi, uliowapepeta mchanga na kuwatwanga pamoja na mifupa yao, maana humo mna protini na pia kalisi, madini yanayojenga mifupa. Wawe wengi wa kuonekana, isiwe harufu tu. Mara moja moja mwongezee yai la kuchemsha.

Na unga wenyewe uwe ule unaokula wewe. Kuna mazoea ya kusema unga huu umevunda, basi tumpikie mbwa. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huharibiwa nayo upesi sana. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyohiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mtoto wa mbwa wa kilo tatu atahimili nini?

"Tumbo likijaa, ameshiba vizuri." Niliwahi kuletewa mtoto wa wiki saba, tumbo limetuna kama ngoma na mbavu unazihesabu kwa macho. Nyumbani wote tulimsifu kwamba anajua kula. Tulipompa dawa ya minyoo, asubuhi yake alitoa bonge la minyoo iliyoviringana kama tambi zilizopikwa, na mingine ilikuwa bado inajinyonganyonga. Minyoo ya aina hiyo humpata akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha humfuata kwenye maziwa. Dawa huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka afike miezi sita. Bila hivyo, chakula chako kizuri unawalisha minyoo.

"Nyama mbichi itamfanya awe mkali." Wapo hata wanaoongeza pilipili au baruti. Huo ni ukatili, wala ukali hautoki jikoni. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, hivyo mwili huchota kalisi kwenye mifupa yake wenyewe. Mtoto anapata matege, na siku moja anaruka kutoka kibarazani mguu unavunjika. Mapafu na maini mabichi ya machinjioni yana hatari nyingine: mna malengelenge ya minyoo tegu; mbwa akiyala, minyoo hukomaa tumboni mwake na mayai yake humletea binadamu ugonjwa, kama wanavyoujua vizuri watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Chemsha mpaka yaive kabisa.

Wengine, kwa kuogopa hayohayo matege, humnywesha mtoto wa mbwa wa aina kubwa dawa ya kalisi juu ya chakula kamili cha dukani. Nalo ni kosa. Kabla ya miezi sita utumbo wake hauwezi kuikataa kalisi iliyozidi, na mifupa hupinda kalisi ikizidi kama inavyopinda ikipungua.

Maziwa ya ng'ombe? Yana sukari nyingi kuliko ya mama mbwa, na protini na mafuta kama nusu tu. Aliyekwisha kuachishwa akiyanywa mara nyingi huhara, na mtoto mdogo anayehara hukaukiwa maji ndani ya siku moja. Akiwa yatima, tafuta maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwenye duka la dawa za mifugo.

Makombo ya mchuzi yana vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ncha kali. Usimpe.

"Cha bei kubwa ndicho bora." Soma mfuko, usisome bei: uandikwe kuwa ni chakula kamili cha mbwa anayekua, au cha umri wote. Kile cha kupimiwa kutoka kwenye gunia lililoachwa wazi mafuta yake huchacha, kinuse kwanza. Ukibadilisha chakula, changanya kidogo kidogo kwa siku saba. Mpe mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, kisha mara tatu hadi miezi sita. Kila Jumapili pitisha vidole mbavuni mwake: uzipate kwa kugusa kidogo, bila kuziona.