Kupandisha dishi juu hakuongezi mawimbi

Mitaa ya vilimani Mwanza utaona dishi limefungwa kwenye bomba la mita sita, au limepandishwa juu ya jiwe, eti likamate vizuri. Setilaiti za utangazaji ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mita sita hazipunguzi kitu. Tena bomba refu huyumba kwa upepo wa ziwani, na dishi la sentimita 80 likipinda digrii moja tu, karibu nusu ya nguvu ya mawimbi inapotea.

Dishi linataka uwazi mbele yake. Ukiwa Mwanza, setilaiti iliyo kwenye longitudo ya digrii 36 mashariki iko karibu utosini: takriban digrii 85 kutoka upeo wa macho, kuelekea kaskazini mashariki. Hata uani panatosha, mradi mwembe usizibe. Ila dishi kubwa la duara, lenye LNB (kichwa kinachopokea mawimbi) katikati, hapa hulala kama beseni na kujaa maji. Toboa tundu dogo pale maji yanapotuama.

Na picha ikikatika wakati wa mvua kubwa? Usiguse bolti. Bendi ya Ku, yaani masafa ya mawimbi ya gigahezi 10.7 hadi 12.75 yanayotumiwa na madishi madogo, hudhoofishwa na matone. Bendi ya C, karibu gigahezi 4, haisumbuliwi sana. Wingu likipita, picha hurudi yenyewe.