Nyeusi ya mati chini ya boneti: kwa nini huwa nabisha

Mwenye gari la zamani akifika kwangu kwa ajili ya rangi, ya nje huwa ameshaiamua nyumbani. Land Rover inataka kurudia kijani chake, Peugeot 504 inataka nyeupe yake, basi. Ubishi unaanza nikiuliza, "Na chumba cha injini je?" Wengi hujibu papo hapo: "Hapo piga nyeusi ya mati tu fundi, inaficha uchafu."

Mati, yaani rangi isiyong'aa, haifichi kitu. Inaukamata uchafu halafu inakataa kuuachia, na kwa sisi tunaoishi Dodoma hilo si jambo dogo.

Rangi inang'aa kwa sababu gundi yake imekauka ikiwa tambarare, mwanga ukipiga unarudi mzima. Kiwandani wakitaka mati wanachanganya humo unga laini sana wa silika. Rangi inapokauka na kusinyaa, zile chembe zinaufanya uso uwe na vijibonde na vijilima ambavyo jicho haliwezi kuviona, mwanga unatawanyika, wewe unaona kitu kimefifia. Wanaopima kwa kifaa hupiga mwanga kwa pembe ya nyuzi 60: kipimo kikizidi 70 unazungumzia mng'ao, kikiwa chini ya 10 ni mati, na hapo katikati ndipo penye nusu mng'ao, ambayo nayo ina ngazi zake. Kwa hiyo ukinunua kopo lililoandikwa nusu mng'ao kutoka kampuni mbili tofauti, usitegemee zilingane.

Sasa vile vijibonde viweke chini ya boneti. Toka Juni mpaka mvua za Desemba upepo wa huku haulali. Vumbi jekundu linapenya kwenye rejeta, linakuta kava ya valvu inatoka jasho la oili, vinashikana vinakuwa ugoro mgumu. Kwenye rangi yenye mng'ao unapitisha kitambaa chenye maji ya sabuni, kazi imekwisha. Kwenye mati unasugua, unasugua tena, na mwisho unazisaga zile chembe zenyewe: panatokea doa linalong'aa katikati ya weusi uliofifia. Polishi hailiondoi doa hilo, inalikuza. Wala huwezi kupuliza pale pale padogo ukategemea pafanane na pembeni yake, maana unene wa mpako na kasi ya kukauka vyote vinabadilisha kufifia kwake. Inabidi kurudia paneli nzima, na paneli nzima kwenye chumba cha injini maana yake ni kuvua nyaya na paipu upya.

Halafu kuna maji. Visima vingi vya huku vina chumvi, kila mwenye birika nyumbani anajua. Osha injini kwa maji hayo, iache ikauke yenyewe juani, uone ile michirizi mieupe kwenye nyeusi ya mati.

Kuna wanaoniletea hoja ya uasilia, kwamba gari la zamani lilitoka kiwandani likiwa jeusi humo ndani. Inategemea gari gani. Ford Mustang za miaka ya 1960, ndizo zilizojaa kwenye picha za mtandaoni, zilikuwa na chumba cheusi kweli, lakini cha nusu mng'ao, si mati. Magari tuliyorithi sisi ni mengine. Land Rover za Series, 504, na Volkswagen Beetle zilipigwa humo ndani rangi ile ile ya bodi. Kwenye Beetle cheusi ni yale mabati yanayoizunguka injini kuongoza hewa ya kupoozea. Anayetaka uasilia, basi, anadaiwa rangi ya bodi. Tena isiwe ya kujitazama kama kioo, kwa sababu kiwandani hawakuhangaika sana na sehemu hiyo: mpako ulikuwa mwembamba na pembe nyingine zilipata ukungu tu wa rangi. Ukifungua boneti ya Land Rover ya 1972 ukakuta kliya, ule mpako wa juu usio na rangi, inameremeta mithili ya jeneza jipya, jicho linakataa.

Jibu langu la kawaida ni hili: rangi ya bodi, aina ya 2K (ile inayochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha) ya tabaka moja isiyohitaji kliya, mng'ao wake ukishushwa kidogo. Kuushusha tumia dawa ya kufifisha ya kampuni ile ile iliyotengeneza rangi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, na ukoroge mpaka chini, maana silika hutuama. Usijaribu kuua mng'ao kwa kuzidisha thina. Utaufifisha kweli, ila utabaki na mpako dhaifu. Kama gari ni la rangi ya metaliki, kliya haikwepeki. Hapo tafuta kliya ya nusu mng'ao au pokea mng'ao ulivyo.

Lakini mng'ao ni nusu ya habari. Nusu nyingine, ambayo mteja haulizi kabisa, ni aina ya rangi, na hapa ndipo mafundi wa mji huu tunapogawanyika.

Rangi ya NC, yaani ya nitroselulosi, inapendwa sana huku, na sababu ni ya msingi. Wengi tunapulizia uani, chini ya mabati au chini ya mwarobaini. NC inakauka kwa dakika chache, vumbi linafika limechelewa. Bei yake iko chini na ukiharibu unapiga msasa jioni ile ile. Ila NC inakauka kwa kuachia thina tu, hakuna kitu kingine kinachotokea ndani yake, kwa hiyo ukiirudishia kitu kama thina inayeyuka. Petroli inatosha kuilainisha. Gari la zamani lina kabureta, na kabureta kuukuu hudondosha. Baada ya muda unakuta chini ya kabureta rangi imevimba, kidole kikipita inatoka. Rangi ya sintetiki, ile ya mafuta inayotumika hata kwenye mageti, inavumilia zaidi ikishakomaa, lakini inabaki mbichi kwa masaa. Masaa hayo Dodoma, mwezi wa nane, ni mengi mno. Nimeona bodi ya pikapu iliyopigwa sintetiki mchana wa upepo, ukipapasa unadhani msasa.

2K inachanganywa na hadena, na hapo vitu viwili vinashikana kikemia. Ikishakomaa petroli inaweza kuimwagikia, unafuta, unaondoka. Gharama ni kubwa, na ikishachanganywa huna budi kuimaliza, kwa sababu hata ikibaki kwenye kikombe itaganda, tena kwa joto la Oktoba inaganda mapema kuliko kopo linavyosema. Gharama nyingine iko kwenye mapafu yako. Hadena ina aisosayaneti, na ile barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii chochote. Vaa ya vichujio vya kemikali, inayobana uso sawasawa, na kama unaweza kupata ya kuletewa hewa safi kwa mpira, hiyo ndiyo yenyewe. Kijana wa gereji asisimame hapo kushika taa huku amejifunga shati puani.

Kitu kimoja kinaishinda hata 2K: mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4. Kachungulie chini ya masta silinda ya breki kwenye gari lolote kuukuu. Utakuta ulimi wa bati tupu unateremka ukutani, umezungukwa na rangi iliyokunjamana, na kutu inaanzia hapo. Hakuna mng'ao wala mati itakayookoa hilo. Badilisha raba za masta silinda kabla ya rangi, na siku ikidondoka mwagia maji mengi mara moja, kwa bahati mafuta hayo yanayeyuka kwenye maji. Kuyafuta kwa kitambaa kikavu ni kuyasambaza.

Joto ndilo linaloogopwa bure. Injini iliyo salama huendesha maji yake nyuzi 90 hivi za Selsiasi, na mabati ya pembeni hupata pungufu ya hapo, 2K haijali. Palipo na moto wa kweli ni manifoldi ya ekzosi, ambako ni mamia ya nyuzi, na hapo inatakiwa rangi ya silikoni ya kustahimili joto. Tatizo ni wanaoona neno "joto" kwenye kopo wakapiga chumba kizima. Rangi hiyo inakomaa kwa kupikwa. Kwenye bati lisilopata moto huo inabaki laini miaka yote, inachunika kwa ukucha, na petroli inaila.

Mzee mmoja mstaafu alikuja na 504, mkononi simu yenye picha ya injini nyeusi tii. Nikamwambia, "Mzee wangu, kabla hatujabishana naomba wiki moja." Nikakata vipande vitatu vya bati, nikavipiga 2K: kimoja mati, kimoja nusu mng'ao, kimoja mng'ao, nikaviacha vikomae. Aliporudi nikampa oili chafu, vumbi la pale pale nje, kitambaa na maji ya sabuni, afanye mwenyewe. Cha mng'ao kilitakata kwa mpito mmoja. Nusu mng'ao kilitaka kurudiwa. Kwenye cha mati tone liliacha kivuli cha hudhurungi, na alivyozidi kusugua ukingo wa kivuli ukaanza kung'aa. Akakigeuzageuza juani. "Sasa hii inaficha nini?" Akachagua nyeupe ya gari lake, nusu mng'ao. "Ila kitako cha betri niachie cheusi."

Na alikuwa sahihi. Nyeusi ya nusu mng'ao ina mahali pake: kitako cha betri, vishikio, feni, fremu inayobeba rejeta. Ni vipande vinavyofunguka, unavipiga vikiwa vimening'inia, na vikichoka unavirudia bila kugusa bodi. Kwenye kitako cha betri tanguliza praima (rangi ya chini) ya epoksi, kwa sababu tindikali haina adabu. Kuta zenyewe ziwe za rangi nyepesi ukiweza. Oili ikianza kuvuja kwenye nyeupe au kijivu unaiona siku hiyo hiyo, na ukiinama usiku na tochi huko ndani unaona nati imeangukia wapi.

Maandalizi nitayapitia kwa haraka, isipokuwa pale panapotuuma sisi wa huku. Waosha magari wengi husafisha injini kwa dizeli kisha wanamalizia na dawa ya kung'arisha yenye silikoni. Rangi ikikutana na silikoni inakimbia, inaacha vishimo vya mviringo kila mahali. Kwa hiyo sabuni kwanza, kisha kisafishio cha kuondoa mafuta, vitambaa viwili, kimoja cha kupaka kingine cha kukausha, na usianze msasa kabla ya hapo kwa sababu utaizika silikoni kwenye mikwaruzo. Msasa namba 320 kwenda 400 unatosha. Suuza ya mwisho usitumie maji ya kisima. Chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu, na masika yakija unaona malengelenge. Maji ya mvua uliyokinga, au yale safi ya kuongezea betri (si tindikali), lita chache zinamaliza kazi.

Kwenye Land Rover kumbuka fenda na boneti ni aluminiamu, ilhali ule ukuta mbele ya miguu ya dereva ni chuma. Aluminiamu inataka praima ya kung'ata au epoksi, la sivyo rangi itabanduka kwa vipande vikubwa kama ganda. Pale metali hizo mbili zinapokutana ndipo kutu nyeupe inapotafuna, kwa hiyo fungua bolti, piga pande zote mbili, kisha funga. Kupuliza juu ya maungio yaliyofungwa ni kupendezesha picha tu.

Muda wa kupuliza ni alfajiri, kabla upepo haujaamka. Nyunyizia sakafu maji usiku na tena kabla hujaanza. Jua likishachomoza sana tumia thina inayokauka taratibu, maana hewa yetu ni kavu na rangi inaweza kufika ukutani imeshakuwa unga. Hapo utapata mati ambayo hukuiomba, mkwaruzo mtupu. Anzia pembeni na nyuma ya vishikio kwa presha ndogo, sehemu tambarare ziwe za mwisho, kwa sababu bunduki ikipuliza kwenye kona hewa inarudi na kukutupia ukungu kwenye ulichokwisha maliza. Mipako miwili iliyoshiba inatosha. Lita moja ya rangi kabla ya kuchanganya itafika na kubaki.

Baada ya hapo mwenye gari atakuja keshoye kuuliza kama injini inaweza kurudi. Itakuwa imekauka kwa kugusa, lakini haijakomaa, na mnyororo wa kuinulia injini ukipiga ukuta utachukua kipande. Mpe wiki. Rangi iliyobaki, ile ambayo hujaitia hadena, iweke kwenye kichupa kinachoziba vizuri, andika juu yake namba ya rangi na kiasi cha dawa ya kufifisha uliyotia, umkabidhi pamoja na ufunguo.